Nimeitwa kutafuta bongo (yule swala mkubwa wa msituni) Aberdare miezi mitatu, niache kazi ya duka?

Kijana_wa_Kayole

Habari zenu wadau, naomba ushauri kabla ya Ijumaa maana hiyo siku ndio natakiwa nijibu. Nina diploma ya wanyamapori, nilimaliza miaka miwili iliyopita na tangu hapo nauza simu na chaja kwa duka la mtu hapo Luthuli, mshahara si mkubwa lakini kila tarehe tano unaingia. Sasa nimepigiwa simu nijiunge na timu inayotafuta bongo msitu wa Aberdare, Juni hadi mwisho wa Agosti, ni kuweka kamera zinazojipiga zenyewe mnyama akipita na kutembea transekti, yaani mistari iliyopangwa ya kutafuta dalili za wanyama. Mama hataki hata kusikia, anasema alinisomesha nitoke porini sio nirudi, na ni mimi namlipia mdogo wangu karo. Lakini moyo wangu uko huko, siwezi kuficha. Nimezaliwa hapa hapa Nairobi, msitu ninaoujua vizuri ni Karura. Hiyo kazi iko aje siku kwa siku? Nibebe nini? Na Agosti ikiisha nakuwa wapi?

Nyayo_za_Mbega

Mdogo wangu nimefanya misimu minne, miwili ikiwa hapo Aberdare, kwa hivyo nikuambie mapema ujipange kichwani: unaweza kumaliza miezi yote mitatu bila kumuona bongo hata mmoja. Mimi sijawahi kumuona kwa macho. Waliobaki porini Kenya nzima wanasemekana hawafiki 100, wametawanyika Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburru, na ni mnyama wa aibu anayependa usiku na mianzi mizito. Utaona kinyesi, utaona kwato kwenye tope, utabishana na wenzako kama ni bongo au ni nyati mdogo.

Kazi yenyewe ni kuamka saa kumi na moja, chai, mnaingia na renja mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na ndovu, mnatembea kufuata jipiesi, kile kifaa cha kuonyesha mahali, hadi pointi ya kamera. Kamera unaifunga kwenye mti usawa wa goti hivi, isiangalie jua linapochomoza wala linapozama, halafu unapiga magoti unakata kila jani lililo mbele yake. Hapo usiwe mvivu hata kama mikono imekufa baridi. Msimu wangu wa kwanza niliacha tawi moja tu la mwanzi, dogo kama kidole, tuliporudi baada ya wiki nne kadi imejaa picha za hilo tawi likipeperushwa na upepo na betri imeisha siku ya tisa. Mwezi mzima wa hiyo pointi ukaenda. Na tarehe na saa ya kamera uiangalie mara mbili, ikikosewa hapo huwezi tena kujua mnyama alipita usiku au mchana.

Lakini siku moja jioni tuko kwa hema tunapitia kadi, nyati, nyati, fisi, ukungu mtupu, halafu ikaja picha ya ubavu tu, rangi ya kahawia nyekundu na mistari myeupe, kichwa kiko nje ya picha. Tulinyamaza wote. Hiyo mistari kila bongo ana yake, kama alama za vidole vyetu, kwa hivyo ubavu mmoja ulitosha kutuambia huyu si yule wa kamera ya chini bondeni. Mpaka leo nikikumbuka nasisimka.

Na pointi isiyo na kitu uiandike hivyo hivyo, hakuna. Usione aibu ukadhani umeshindwa. Anayepanga doria anataka kujua walipo na wasipokuwepo pia, ukianza kubahatisha kwato ili fomu ijae unampeleka renja mahali pasipo na mnyama wa kulinda.

Mama_Rongai

Mimi nitaongea pesa kwa sababu wengine hawataongea. Niliwahi kufanya kazi ya hivi na shirika moja, makubaliano yakawa ya mdomo tu, tukamaliza Septemba, tukalipwa Januari baada ya kupiga simu hadi tukachoka, na mimi nilikuwa na mtoto mdogo. Kwa hivyo kaka usipande matatu ya Nyeri bila karatasi iliyosainiwa: unalipwa lini, posho ya chakula ni yako au ni ya kambi, ukiumia nani anakutoa msituni na nani analipa hospitali. Uliza bima ya WIBA, yaani ya kuumia kazini, ile sheria ya 2007 inamtaka mwajiri akukatie. Wakikasirika kwa kuulizwa, ushajua ni watu wa aina gani. Halafu ongea na huyo mwenye duka kwa heshima, usitoroke, pengine atakushikia nafasi. Karo ya muhula ujao iweke kando kabla hujanunua hata soksi. Mama akiona hilo limepangwa atapoa kidogo, mimi pia ni mama najua.

Kando_ya_Msitu

Mimi ni skauti wa msitu, nimezaliwa upande wa Nyeri. Vijana wa Nairobi huja na jipiesi wanadhani inajua njia. Ikikuonyesha mita 300 na mzee wa hapa akisema tuzunguke, zunguka, kuna korongo hapo. Usijipake marashi. Suruali iwe nzito, thabai, yale majani yanayowasha, inapenya hii ya michezo kama hakuna kitu. Julai usiku ni baridi ya kuuma meno. Na mkipata waya za mitego msizing'oe tu na kutupa, piga picha, chukua pointi, mpe renja. Kwangu hiyo waya ni habari kubwa kuliko kwato.

Kijana_wa_Kayole

Asanteni sana, nimesoma mara tatu. Nimeomba mkataba, wamesema watautuma kesho. Nikishasaini naongea na bosi. Nyayo, na baada ya Agosti?

Nyayo_za_Mbega

Ajira ya moja kwa moja sitakuahidi. Ile sensa ya kwanza ya wanyamapori ya kitaifa, ya 2021, sehemu kubwa ilifanywa kwa ndege, na ndege haioni chini ya miti. Msituni lazima miguu, kwa hivyo watu wa kutembea wanatafutwa kila msimu, na wanaoitwa tena ni wale fomu zao zinasomeka. Jifunze Kobo, ile programu ya kujazia fomu, kwa simu kabla hujaenda, na uombe ukae na anayepanga picha kwa kompyuta, hiyo kazi inaendelea hata mvua za Oktoba zikianza.

Fulana nzito na koti tafuta Gikomba asubuhi, usinunue jipya. Buti za mpira chukua namba moja juu ya yako, uvae soksi mbili. Na utuambie mkataba ukifika unasemaje.