Naomba ushauri: kampuni ikodi gari la umeme tupu au haibridi ya kuchaji? BMW iX au X5, mkataba wa miaka mitatu, Dar

Mama Utawala (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nasimamia utawala kwenye kampuni ndogo ya ushauri wa kihandisi, ofisi yetu iko Oysterbay. Prado yetu ya petroli imechoka na mkurugenzi ameshaamua kwamba hatununui tena gari, tunakodi kwa mkataba wa miezi 36. Kampuni ya kukodisha imetuletea mawili, yote kutoka Uingereza, usukani kulia.

La kwanza ni BMW iX xDrive40, umeme tupu, betri ya uniti 71 zinazotumika. La pili ni BMW X5 xDrive50e, haibridi ya kuchaji: injini ya petroli ya silinda sita, cc 2,998, na betri ya uniti kama 25. Kodi ya iX ni milioni 9.8 kwa mwezi, ya X5 ni milioni 10.6, zote kabla ya VAT. Bima, sevisi na tairi ni juu yao.

Matumizi yetu: asubuhi gari linamchukua mkurugenzi Mikocheni, linakuja ofisini, linashuka Posta, mara mbili au tatu kwa wiki linakwenda uwanja wa ndege, jioni linarudi. Dereva amepima, ni wastani wa kilomita 55 kwa siku, siku 22 za kazi. Mara mbili kwa mwezi linakwenda Dodoma. Bagamoyo na Kibaha ni kwa nadra.

Mimi moyo wangu uko kwa iX. Mkurugenzi anataka X5 kwa sababu anaogopa kuachwa njiani, na siwezi kumlaumu. Mwaka juzi Prado ilituzimikia usiku kabla ya kufika Gairo, tukiwa na mteja ndani. Tulikaa pale mpaka alfajiri. Nataka niende kwake na hoja za uhakika, siyo kupenda kwangu. Naomba mnisaidie.

Fundi wa Sinza

Dada yangu, kabla ya iX wala X5, jibu swali moja: hilo gari litalala wapi?

Mama Utawala

Mkuu, Prado inalala kwa mkurugenzi Mikocheni, kwenye maghorofa ya kupanga. Niliulizia jana, msimamizi wa jengo amekataa kufunga chaja. Anasema maegesho yote yako kwenye mita ya pamoja na wapangaji wengine watalalamika. Ofisini tuna nyumba nzima, umeme wa fezi tatu, LUKU yetu wenyewe, na mlinzi yupo usiku kucha.

Fundi wa Sinza

Basi lilale ofisini, na dereva arudi kwake kwa njia nyingine. Kama hilo haliwezekani, usichukue lolote kati ya hayo mawili. Haibridi isiyochomekwa usiku ni gari la petroli lililobebeshwa betri nzito. Utalipa kodi kubwa kwa kitu usichokitumia.

Sasa hesabu. iX kwenye foleni zetu, kiyoyozi kikifanya kazi muda wote, weka uniti 23 kwa kilomita 100. Kilomita 55 ni uniti 13, ukiongeza zinazopotea wakati wa kuchaji ni 14. Kwa shilingi 356 kwa uniti, ni kama elfu tano kwa siku. Prado yako hapo inakunywa lita saba na nusu hivi, na nikichukua petroli kwa 3,000 ili hesabu iwe rahisi, ni zaidi ya elfu 22.

Watu hudhani lazima betri ijazwe kutoka sifuri kila usiku. Siyo hivyo. Chaja ya ukutani ya fezi moja, ampea 32, inatoa kilowati 7.4. Uniti 14 zinaingia kwa saa mbili. Hata soketi ya kawaida, kama kilowati 2.3, inazirudisha kwa saa sita. Betri nzima kwenye soketi ya kawaida ndiyo inachukua zaidi ya saa 30, na hapo ndipo watu wanapovunjika moyo.

Lakini soketi ya kawaida sikushauri. Nimefungua soketi iliyoyeyuka kwa sababu mtu alichaji gari usiku mzima kwenye waya wa milimita 1.5 uliowekwa kwa ajili ya taa. Chaja ipate waya wake kutoka kwenye ubao mkuu, breka yake, na ethi iliyopimwa, yaani ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Nyumba nyingi za zamani za Oysterbay ethi ni jina tu, na gari likiona ethi mbovu linakataa kuchaji, utadhani ni bovu. Na kama ofisi ina jenereta, chaja iwekwe upande usioguswa na jenereta. Kuchoma dizeli ili uchaji gari la umeme ni hasara mara mbili.

Kijana wa Kijitonyama

X5. Ile sura ya mbele ya iX siiwezi kabisa.

Dereva Mkongwe

Mimi nimeendesha wakubwa miaka kumi na tisa, naomba niseme la upande wetu maana madereva huwa hatuulizwi.

Nilipewa haibridi ya kuchaji kwenye ofisi moja. Waya wake ulikaa buti miezi minane ukiwa bado kwenye mfuko wake. Siyo uvivu. Nilikuwa na kadi ya mafuta, kadi haina kikomo, na hakuna aliyeniambia nichomeke wapi. Soketi ya maegesho ilikuwa imefungwa kwa kufuli na funguo anazo mtu wa stoo ambaye anaondoka saa kumi. Mwisho wa mwaka bosi akasema gari hili ni uongo, linakula mafuta kama lori. Gari halikuwa na kosa.

Kwa hiyo dada, ukichukua X5, andika kwenye utaratibu wa ofisi nani anachomeka, saa ngapi, na funguo ziko wapi. iX ina faida moja hapo: usipoichomeka haiendi, kwa hiyo itachomekwa. X5 itakusamehe, na kusamehe kwake ndiko kutakakokula pesa yenu.

Halafu Dodoma na iX, hapana. Nimeipita barabara hiyo sijui mara ngapi. Ni kilomita 450.

Fundi wa Sinza

Namuunga mkono mzee wangu hapo juu. Uniti 71 kwa matumizi ya 22 barabara kuu ni kilomita 320 hivi, na hapo umefika ukiwa mkavu kabisa, kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili atafanya. Pia Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kupandisha gari la tani mbili na nusu na watu wake hadi kule kunakula uniti kama 8 peke yake, kabla hujahesabu umbali. Ungelazimika kuchaji njiani, na kwenye chaja ya kilowati 7 hiyo ni nusu siku umekaa.

X5 ina tangi la lita 69. Itafika Dodoma na kurudi zaidi ya nusu ya njia bila kuongeza mafuta.

Mhasibu wa Upanga

Naona wote mnazungumzia mafuta na umeme. Naomba mwenye uzi arudi kwenye namba zake mwenyewe.

Kilomita 55 mara siku 22 ni 1,210. Dodoma kwenda na kurudi ni 900, mara mbili ni 1,800. Yaani dada, gari unaloliita la mjini linatembea zaidi barabara ya Dodoma kuliko Dar. Jumla ni kilomita 3,010 kwa mwezi, zaidi ya 36,000 kwa mwaka. Mkataba wako unaruhusu kilomita ngapi?

Mama Utawala

Nimekwenda kuufungua mkataba sasa hivi. Unaruhusu 24,000 kwa mwaka. Kila kilomita inayozidi ni shilingi 1,500. Sikuwa nimeliona hilo, liko ukurasa wa tisa.

Mhasibu wa Upanga

Kilomita 12,000 za ziada kwa 1,500 ni milioni 18 kwa mwaka. Milioni moja na nusu kila mwezi. Akiba ya umeme wa mjini aliyoipigia hesabu Fundi, elfu 17 au 18 kwa siku, ni kama laki nne kwa mwezi. Huo ukurasa wa tisa ni mzito kuliko hoja zote za betri.

Mambo mengine ni ya kodi ya serikali, maana ndiko kazi yangu iliko.

Mkurugenzi wako hajakosea kukataa kununua. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, gari lisilo la kibiashara linatambuliwa kwa uchakavu (kile unachokatiwa kila mwaka kwenye hesabu za kodi kadiri gari linavyochakaa) hadi milioni 30 tu, hata ulinunue kwa milioni 300. Asilimia 37.5 ya milioni 30 ni milioni 11.25 mwaka wa kwanza, basi. Kampuni inayokodisha magari haibanwi na kikomo hicho kwa sababu kwake gari ni la kibiashara, na kodi ya mwezi unayomlipa wewe inaingia kwenye gharama za kazi.

Ila soma mkataba kama unakupa haki ya kulinunua gari mwishoni kwa bei iliyokwishaandikwa. Mkataba wa namna hiyo huhesabika kuwa wa karadha, na kikodi gari linachukuliwa kama lako tangu siku ya kwanza. Kile kikomo cha milioni 30 kinarudi palepale. Kipengele hicho wakitoe, gari lirudi kwao mwisho wa miezi 36.

VAT nayo: kampuni ambayo haiuzi magari, haikodishi wala haisafirishi abiria hairudishiwi VAT ya gari la abiria. Kwa hiyo kwenye bajeti weka milioni 9.8 kuwa 11.56, na 10.6 kuwa 12.5. Tofauti ya magari hayo mawili kwa miezi 36 inakaribia milioni 34.

Mkurugenzi akilitumia na familia mwisho wa wiki, kuna thamani inaongezwa kwenye kipato chake kwa ajili ya PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, na jedwali lake linakwenda kwa cc na umri wa gari. X5 ya cc 2,998 isiyozidi miaka mitano ni milioni moja kwa mwaka. Si kubwa, lakini aambiwe mapema.

Mkazi wa Kigamboni

Mimi ninayo Outlander ya kuchaji, mwaka wa nne sasa. Si gari la kifahari kama hayo yenu, lakini niseme nilichokiona. Mjini naweza kumaliza wiki mbili bila injini kuwaka. Foleni ya Mbagala ambayo zamani ilinitoa jasho na mafuta, sasa nakaa kimya, AC inapuliza, gari halitikisiki. Kila nikiwa mle ndani nashukuru.

Swali langu kwa mwenye uzi: Dodoma mnafuata nini? Kama ni vikao, mbona SGR ipo tangu 2024? Treni yenyewe ni ya umeme, inafika chini ya saa nne. Mimi nimeacha kuendesha kwenda huko. Nakodi gari la saa chache nikifika.

Mama Utawala

Ni vikao vya wizarani karibu vyote. Vifaa tunabeba mara mbili au tatu kwa mwaka. Kwa kweli hatukuwahi kukaa chini tukajiuliza, tulizoea tu kwamba gari ndilo linakwenda.

Dereva Mkongwe

Na mimi ningelala nyumbani kwangu siku hizo. Usiku barabara ile na malori yake si ya kuzoea.

Jambo moja, Fundi atanisahihisha: yote mawili hayana tairi la spea. Muulize mwenye gari nani anakuja ukipasukiwa Kibaha, na anakuja kwa muda gani.

Fundi wa Sinza

Hayana, ni kweli mzee. Na liandikwe lingine. BMW hutoa dhamana ya betri kubwa miaka 8 au kilomita 160,000, lakini gari lililoagizwa mtumba kutoka Uingereza, hiyo karatasi isikutulize. Betri ikileta shida hapa Dar, wa kumdai ni aliyekukodisha. Mkataba useme betri ni juu yake kwa miezi yote 36, na kwamba gari likikaa gereji zaidi ya saa 48 analeta lingine la hadhi hiyohiyo. Akikataa kuandika, amekuambia anavyoliamini gari lake.

Masika yakija, Jangwani ikijaa, lisipelekwe majini. Betri imezibwa vizuri, lakini si boti. Na nyaya za rangi ya chungwa, zile za umeme mkubwa wa betri, asiguse mtu yeyote asiyefunzwa, awe muosha magari au fundi rafiki.

Mama Utawala

Ndugu zangu, narudi baada ya siku tatu.

Nimekaa na mkurugenzi na karatasi za Mhasibu. Kilichomgusa ni zile kilomita 1,800, alidhani nimekosea kujumlisha. Tumekubaliana vikao vya Dodoma tunakwenda na SGR kuanzia mwezi ujao, na siku za vifaa tunakodi gari la kazi. Bila Dodoma tunabaki na kilomita 14,500 kwa mwaka. Dereva ameridhia gari lilale ofisini, kampuni itamlipia nauli ya asubuhi na jioni.

Kwa hali hiyo nimeomba iX. X5 ikichomekwa kila usiku ingetufanyia kazi hiyohiyo mjini, sikatai, lakini tungelipa karibu milioni 34 zaidi kwa ajili ya injini ya safari ambazo hatutazisafiri tena. Mkurugenzi ameweka sharti lake, nami naliheshimu: hasaini mpaka maneno ya betri, gari mbadala na msaada wa barabarani yawe ndani ya mkataba. Kampuni ya kukodisha imekubali gari mbadala. Betri bado wanajadiliana na mabosi wao. Kipengele cha kununua wamekitoa bila ubishi, na kwa kilomita 15,000 wameshusha kodi hadi milioni 9.3.

Wakikataa la betri tunaanza upya na kampuni nyingine, hata kama Prado itabidi ituvumilie miezi miwili.

Fundi wa Sinza

Vizuri sana dada. Wakati wanajadiliana, mwite fundi mwenye leseni apime ethi ya ofisi, na muombe akuandikie namba aliyoipata, asikuambie tu kwamba iko sawa. Hiyo kazi haisubiri mkataba.