Naomba ushauri: nitaitambuaje TDA1541A S1 halisi?

Ndugu wataalamu, nimenunua chipu mbili za Philips TDA1541A zenye alama ya S1 na taji (alama ya zile zilizoteuliwa kiwandani kwa usahihi zaidi kuliko za kawaida), chipu za biti 16 zinazogeuza sauti ya dijitali kuwa analogi, ili nifufue kicheza CD cha zamani. Nilipoifuta moja kwa pamba yenye asetoni, weusi wa juu ulitoka na chini yake ikaonekana mikwaruzo, kana kwamba maandishi ya awali yalisuguliwa. Zote mbili zinatoa sauti, jambo ambalo halinisaidii, kwa kuwa hata TDA1541A ya kawaida iliyochapwa taji la bandia hufanya kazi vizuri tu. Je, bila vifaa vya kupimia upotoshaji wa sauti hafifu, kasha, miguu 28 na msimbo wa tarehe vinaweza kunithibitishia chochote?