Tupeane uzoefu: wikiendi na watoto kwenye magofu ya Kaole na Tongoni

Mama Wawili: Wakuu salaam. Nani amewahi kupeleka familia kwenye miji ya kale ya pwani yetu? Naanza mimi.

Jumamosi tulitoka Dar asubuhi na mapema, mimi, baba watoto, wanangu wawili na mama mkwe. Bagamoyo mjini tulipita tu tukanunua maji, tukanyoosha Kaole, kama kilomita 5 kusini. Pale kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, yote ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mwongozaji alituambia kwenye nguzo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China.

Mkubwa wangu, miaka tisa, hakusikia hata nusu. Alikuwa amechuchumaa ukutani mwa kaburi, kidole kimeingia kwenye jiwe. Lile jiwe lina tundutundu kama sega la nyuki. Akauliza, "Mama, hili lilikuwa hai?" Nikamwambia ndiyo, lilitoka baharini. Bibi yake akamwita taratibu: "Mjukuu wangu, toa mkono, mwenyewe amelala." Kisha akafungua viganja akamsomea marehemu Fatiha, na mtoto akafungua vyake. Nilikuwa sijawahi kumwona ametulia hivyo.

Leteni ya kwenu.

Mwana wa Chumbageni: Shikamoo yake mama mkwe. Sisi wa Tanga tunayo Tongoni, barabara ya Pangani, haifiki hata kilomita 20 kutoka mjini. Msikiti ni gofu, lakini makaburi ya nguzo ni mengi kweli, na mengine nguzo zimeanguka zimelala kwenye majani. Inaniuma kila nikienda.

Wanangu walichoshwa na makaburi mapema, nikawakalisha chini ya mti nikawapa kisa cha Vasco da Gama, yule baharia Mreno. Alipita pwani hii mwaka 1498. Akirudi kutoka India, 1499, kiseyeye kilikuwa kimemwulia mabaharia wengi hadi hawatoshi kuendesha merikebu zote, basi ile ya São Rafael akaichoma moto bahari hiihii. Wa mwisho akauliza kiseyeye ni nini. Nikamenya chungwa la Muheza, nikampa: walikosa hiki. Alilila lote, hadi leo akiona chungwa anasema "dawa ya kiseyeye".

Kijana wa Dunda: Tahadhari moja. Mwaka jana mtu alitupokea njiani, akajiita mwongozaji, akachukua hela, akatuzungusha robo saa. Alikuwa hajui lolote. Lipieni ofisini getini na mdai risiti. Na mkirudi Bagamoyo mjini msiruke Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara. Baba yangu mzee alikaa uani pale kimya muda mrefu, akiwawazia wapagazi waliofika kwa miguu kutoka bara. Halafu pitieni misheni ya Wakatoliki, iliyoanza 1868. Mwili wa Livingstone, yule mmisionari mvumbuzi, ulilala pale mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar.

Mama Wawili: Asanteni sana. @Kijana, la risiti nimelishika. @Mwana wa Chumbageni, nimemsomea mkubwa kisa cha merikebu, amekataa kulala mpaka nimwahidi Tongoni. Bibi yake naye anakuja. Tukifika Muheza tunasimama kununua machungwa.