Yule mtoto aliyekuwa anatutoa machozi kwenye runinga, jana kamdhalilisha bibi yangu ukumbini

Mtori wa Saa Nne:
Wakuu, saa kumi na moja alfajiri hii sijalala, nimekaa kitandani na suti yangu. Tumetoka kwenye sendoff ya binti wa mjomba, hapa hapa Moshi. Jina la mtu silitaji, nikimtaja nampa kiki, halafu mnamjua. Yule. Mtoto wa maigizo ya jioni, mwenye macho ya ndama, aliyekuwa anafiwa kila wiki. Kafiwa na mama mara mbili kwenye igizo moja na hakuna aliyehoji.

"Elfu mbili, bibi? Hii ya vocha?"

Ndiyo maneno yake. Kwenye maiki. Watu mia tatu na spika kubwa kama kabati la nguo.

Kibosho, mwanzoni mwa miaka ya 2000, runinga ya chogo inakula betri la gari, sebule ya bibi imejaa kijiji kizima. Yule mtoto akianza tu kutikisa kidevu, bibi keshashika pindo la kitenge. Wiki aliyolazwa (kwenye igizo!) tulipigishwa magoti rozari nzima, kiburu kinaungua jikoni. Mimi nilipovunjika mkono niliombewa Baba Yetu moja. Baadaye sauti ikamvunjika, wakampa nafasi ya mlinzi wa getini, akapotea. Akaibukia kwenye bongo fleva, ule wimbo labda mama yake anaukumbuka. Sasa ni MC, suti ya maruni, viatu vimechongoka kama penseli.

Bibi ana miaka 84. Mimi nikienda kumwona lazima nijitambulishe. Huyu kamtambua toka meza ya nyuma kabisa! Nikamshika mkono tukasogea. Akafungua fundo la kitenge, akatoa elfu mbili iliyokunjwa ikawa kama pipi, akamwambia, "Chukua mwanangu. Ulipofiwa na mama nililia sana, sikuweza kuja msibani."

Yule mshenzi akaikunjua taratibu. Akaiinua kwenye taa kama karani wa benki. Akavuta maiki: "Elfu mbili, bibi? Hii ya vocha?"

Ukumbi ukaangua kicheko. DJ akapiga honi. Bibi masikio yameshachoka, akadhani anapigiwa makofi. Akasema, "Aika, mwanangu."

AIKA! Yeye ndiye aliyeshukuru!

Halafu akaiweka mfukoni. Wakuu, ALIIWEKA MFUKONI. Hata Marekani hakuna staa anafanya huu upuuzi.

Kijenge Juu:
Pole mkuu. Ila kama ni ya vocha, aliichukua ya nini?

Mtori wa Saa Nne:
Ndicho ninachouliza tangu saa saba!

Simba wa Sakina:
Hii chai. Bibi gani anaomba radhi kwa kukosa msiba wa kwenye igizo?

Mtori wa Saa Nne:
Bibi yangu. Kuna shida?

Mzee wa Mafaili:
Mtoa mada, Marekani ipi? Gary Coleman alitamba utotoni kwenye vichekesho vya runinga. Mwaka 1998 alikuwa mlinzi kule California, dada mmoja dereva wa basi akamwomba saini, wakatibuana, dada akala ngumi. Bibi yako kaponea. Na huyo Coleman aliwashtaki wazazi wake kwa hela zake, 1993 mahakama ikampa zaidi ya dola milioni 1.2. Kabla yake kuna Jackie Coogan, aliyecheza na Charlie Chaplin 1921. Kufika utu uzima anauliza hela, mama na baba wa kambo wameshazitafuna. Ndiyo ikatungwa ile sheria ya California ya 1939, sehemu ya malipo ya mtoto iwekwe pembeni.

Dawati la Nyuma:
Huyu wetu alikuwa analipwa soda na nauli. Nilisoma naye. Mwalimu wa zamu alikuwa anamtoa mbele ya mstarini, "hebu lia kidogo tuone". Analia kweli, tunapiga makofi, anarudi kwenye mstari anajifuta na tai. Karibu kila Ijumaa.

Mtori wa Saa Nne:
Kwa hiyo bibi yangu ndiye aliyemlipa soda?

Mzee wa Mafaili:
Si wote wanaharibikiwa. Shirley Temple aliacha filamu ana miaka 22, mwaka 1974 akawa balozi wa Marekani nchini Ghana.

Simba wa Sakina:
Wetu hata ubalozi wa nyumba kumi hapati.

Nipo Pasua:
Mbona huyo ana nafuu. MC wetu alimtaja bwana harusi kwa jina la yule aliyeachwa. Mama wa bwana harusi akazima jenereta mwenyewe kwa mkono wake.

Kijenge Juu:
😂😂 Moshi mna laana ya ma-MC. Njooni Arusha.

Nipo Pasua:
Arusha ipi? Nilichanga laki ya dabo Njiro, nikapewa kadi ya singo. Mke wangu alikaa kwenye gari na soda ya kutumiwa.

Mama Ndizi Mshare:
Kadi si kitu. Kwenye sendoff ya mdogo wangu ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, aliingia ukumbini na miguu mitatu. Amevalishwa majani mdomoni, anatabasamu, mguu wa nyuma hakuna.

Simba wa Sakina:
Kamati.

Mama Ndizi Mshare:
Mweka hazina! Tulimkuta na mafuta mpaka kwenye kiwiko.

Kijenge Juu:
Kwani ndafu mzima siku hizi anakwenda bei gani? Nina shughuli mwezi wa 12.

Mtori wa Saa Nne:
Jamani, turudi kwenye mada. Bibi ameamka, anauliza yule mtoto siku hizi anaishi kwa nani.

Boma Beberu:
Mkuu subiri kidogo. @Kijenge Juu inategemea beberu. Unataka wa kilo ngapi?