Naomba ushauri: New Zealand na kampavani mwezi wa 7
Wakuu habari zenu, mimi na mshkaji wangu tunataka kukodi kampavani (gari la kusafiria na kulala humo humo) New Zealand wiki mbili, tuanzie Auckland tushuke mpaka Queenstown. Kuendesha hakunipi shida, wanatembea kushoto kama Bongo. Kinachonichanganya ni baridi maana huko Julai ndo winta yenyewe, na jamaa hapa Arusha tu akitoka kuoga anatetemeka kama kifaranga, sasa kulala kwenye bati pale Lake Tekapo si atanifia? Halafu feri ya Wellington kwenda Picton, ya kuvuka toka kisiwa cha kaskazini kwenda cha kusini, ni kama masaa matatu na nusu, tupande tu au bora tuanzie Christchurch huko huko kusini moja kwa moja? Na choo cha ndani nani anamwaga, hilo swali jamaa kashaanza kulikwepa.