MGB (gari la zamani la Kiingereza) 1798 cc: geji ya presha ya oili haipandi baada ya kuunganisha injini upya

Injini ya beringi kuu tano za krankishafti. Beringi, ringi, kamshafti (shafti inayofungua valvu) na tapeti (vipande vinavyosukumwa nayo) zote mpya. Nimezungusha kwa stata bila plagi, geji bado iko sifuri. Niwashe hivyohivyo?

Jibu 1
Usithubutu! Pampu kavu huvuta hewa tu, na kila mzunguko unafuta grisi ya kufungia kwenye kamshafti. Fungua bomba la oili linalotoka nyuma ya bloku, mimina oili taratibu irudi hadi kwenye pampu, funga, kisha zungusha sekunde 15, pumzisha stata, rudia. Ikigoma, angalia valvu ya presha, inayopunguza presha ya oili ikizidi. Uchafu kidogo tu huishikilia wazi. Siku nyingine jaza pampu vaselini kabla ya kuifunga.

Jibu 2
Ikishawaka, usiiache ikinguruma taratibu bila mafuta (sailensa). Ishike mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika, muda wa dakika 20, kwa oili yenye zinki ya kutosha. Tapeti ni bapa. Zisipozoeana vizuri na kamshafti dakika hizo za mwanzo, zinaila.

Jibu 3
Na zile washa (pete bapa) zinazozuia krankishafti isisogee mbele na nyuma? Mifereji yake ya oili itazame krankishafti, si bloku. Mchezo wa krankishafti mbele na nyuma: 0.10 hadi 0.13 mm.