Fidia ya hatia iliyotenguliwa (Uingereza): ikisamehewa kodi, Bima ya Taifa nayo imeondoka?

Penseli_HB
Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua sheria za Uingereza.

Tuseme mtu aliendesha ofisi ndogo ya posta, akashtakiwa kwa upungufu wa fedha uliozushwa na Horizon, mfumo wa kompyuta wa hesabu za Posta, akafungwa. Tarehe 23 Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ikatengua hatia yake pamoja na za wenzake, jumla yao 39. Hakuchukua ile fidia ya mkupuo ya £600,000. Amepita njia ya kukadiriwa kipengele kwa kipengele, na kipengele kimojawapo ni kipato alichopoteza.

Kodi ya mapato haimhusu, hilo nimeliona kwenye kanuni za 2023. Ninakokwama ni kwenye michango ya Bima ya Taifa, ile inayokatwa kwenye kipato na kumjengea mtu haki ya pensheni ya serikali. Kuna anayeshikilia kwamba kile kipengele cha kipato ni malimbikizo ya mshahara, kwa hiyo mchango ukatwe. Je, ni kweli? Na kama haukatwi, ile miaka yake inahesabiwaje kwenye pensheni?

Bwana_Haraka
Kitu kikishasamehewa kodi kimesamehewa vyote, mkuu. Usijisumbue.

Mizani
Bwana_Haraka amefika panapotakiwa kwa njia mbovu, na njia hiyo itamwangusha mtu kwenye faili linalofuata.

Kodi ya mapato na Bima ya Taifa ni sheria mbili. Mchango wa Daraja la 1, yaani wa waajiriwa na wenye wadhifa, unatozwa juu ya "kipato" kama kinavyoelezwa na Sheria ya Michango na Mafao ya Hifadhi ya Jamii ya 1992: ujira au faida yoyote itokanayo na ajira. Sheria hiyo haiulizi kama fedha imesamehewa kodi. Malipo yenye sura ya kipato hayaachwi nje mpaka yatajwe, na pa kuyatajia ni Jedwali la 3 la Kanuni za Michango za 2001. Ndiyo maana fidia za Horizon zilihitaji kazi mbili: kanuni za kodi zilizotungwa chini ya Jedwali la 15 la Sheria ya Fedha ya 2020, na marekebisho ya pembeni kwa ajili ya michango. Aliyesoma za kodi tu amesoma nusu.

Daraja la 4, la waliojiajiri, ni habari nyingine. Hilo hukokotolewa juu ya faida ya biashara inayotozwa kodi ya mapato. Kodi ikiondoka, mchango unaondoka nayo bila kanuni ya ziada. Kwa hiyo kauli ya Bwana_Haraka ni kweli kwa mwenye duka, si kwa aliyeajiriwa. Na hawa wa posta walikuwa na mguu huku na mguu huku: malipo ya kuendesha kaunta ya posta yalikuwa ya wadhifa, na duka lililokuwa jengo hilohilo lilikuwa biashara yao wenyewe. Ukitegemea kodi peke yake, ule upande wa wadhifa unabaki wazi.

Kuhusu neno "malimbikizo": jina la kipengele kwenye jedwali la makadirio haliamui kitu. Malipo yakitolewa chini ya mpango uliotajwa kwenye kanuni, yote hayahesabiwi, pamoja na sehemu ya kipato.

Kikokotoo
Naongeza tarakimu ili ionekane tunabishania nini. Chukua £60,000 za kipato kilichopotea, halafu jifanye hakuna msamaha na zimelipwa kama mshahara ndani ya mwezi mmoja. Viwango ni vya 2025/26.

Upande wa mlipwaji: £1,048 za mwanzo hazina mchango. Kutoka hapo hadi £4,189 ni 8%, sawa na £251.28. Zinazobaki, £55,811, ni 2%, sawa na £1,116.22. Jumla £1,367.50.

Upande wa mlipaji: 15% ya kila kinachozidi £417, bila dari. Ni £8,937.45.

Yaani msamaha huu unamwokoa mlipaji zaidi ya mara sita kuliko mlipwaji. Na kwa kuwa anayegharamia fidia hizi ni serikali, mchango wa mlipaji ungetoka mfuko wake wa kulia ukaingia wa kushoto.

Kuna kijambo watu hawakioni. Mchango wa Daraja la 1 hutazama kipindi cha malipo, hautazami mwaka mzima kama kodi. Zilezile £60,000 zingepokelewa kama mshahara wa £30,000 kwa mwaka, miaka miwili, kwa viwango hivihivi mlipwaji angekatwa takriban £2,789. Malipo ya mkupuo hupandisha kodi ya mapato lakini hushusha mchango wa mlipwaji. Anayekuja na hoja kwamba "fidia ya mkupuo inaumiza kwenye Bima ya Taifa" amechanganya hizo mbili.

Penseli_HB
Nimeelewa, Mizani na Kikokotoo. Kwenye ritani ya kodi iandikwe popote?

Mizani
Fidia yenyewe haiingii kwenye ritani. Kinachoingia ni riba ambayo benki inamlipa baada ya fedha kutua kwenye akaunti yake. Hiyo ni mapato ya akiba kama ya mtu mwingine yeyote: ina kodi ikivuka viwango vyake vya msamaha, lakini haina mchango wowote. Laki kadhaa za pauni zikikaa kwenye akaunti ya akiba mwaka mzima, riba yake si ya kupuuzwa. Hapo ndipo wengi hushikwa, kwa sababu wamezoea kusikia "haina kodi".

Siku_za_Kazi
Swali la pensheni limeachwa, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote.

Fedha isiyokatwa mchango haijengi rekodi ya mchango. Pensheni mpya ya serikali inadai miaka 35 kwa kiwango kamili na isiyopungua 10 ili mtu apate chochote. Kiwango kamili cha 2025/26 ni £230.25 kwa wiki, hivyo mwaka mmoja unaokosekana unapunguza takriban £6.58 kwa wiki, au £342 kwa mwaka, maisha yote ya kustaafu.

Kwa aliyefungwa ipo dawa: kanuni ya 9D ya Kanuni za Mikopo ya Michango za 1975. (Mikopo hapa si deni. Ni wiki unazohesabiwa kana kwamba ulichangia.) Inampa mikopo mtu aliyeshikiliwa kwa sababu ya hatia iliyokuja kutenguliwa na mahakama. Kinachoharibika mara nyingi ni haya:

Haiji yenyewe. Lazima aombe kwa maandishi, akiambatanisha amri ya mahakama na uthibitisho wa gereza wenye tarehe ya kuingia na ya kutoka. Anayesubiri kompyuta ya serikali ijirekebishe atasubiri sana.

Inahesabu wiki za kifungoni tu. Aliyefungwa Novemba akatoka Juni amegusa miaka miwili ya kodi, kwa sababu mwaka wao huanza 6 Aprili, na inawezekana hakuna hata mmoja uliojaa. Aombe kwanza, kisha atoe upya rekodi yake ya Bima ya Taifa, aone kila mwaka umebakiwa na wiki ngapi.

Kipindi alichokuwa ndani pia kwa kosa jingine ambalo hatia yake imesimama hakihesabiwi.

Halafu kuna kundi kubwa ambalo halikufungwa: walipewa adhabu ya kazi za jamii au kifungo cha nje, kisha wakakaa miaka bila ajira kwa sababu ya rekodi ya jinai. Hao 9D haiwagusi. Njia yao ni mchango wa hiari wa Daraja la 3, £17.75 kwa wiki kwa mwaka huo wa 2025/26, yaani £923 kwa mwaka mzima. Ukilinganisha na £342 anazoongezewa kila mwaka, fedha inarudi ndani ya miaka mitatu ya kustaafu. Ila kwa kawaida mtu huruhusiwa kurudi nyuma miaka sita tu. Dirisha maalumu la kulipia mapengo ya tangu 2006 lilifungwa tarehe 5 Aprili 2025. Kwa hiyo anayejadiliana fidia aliyepoteza miaka ya 2000 aweke pengo la pensheni kama kipengele chake chenyewe, maana hawezi tena kulinunua.

Lenzi
Tahadhari mbili kwa watakaousoma uzi huu wakiwa na faili lisilo la Horizon.

Kwanza, fidia ya kifungu cha 133 cha Sheria ya Haki ya Jinai ya 1988, ile ambayo Wizara ya Sheria huwalipa waliohukumiwa kimakosa. Haitokani na ajira, kwa hiyo haikuwahi kuwa kipato cha Daraja la 1. Lakini angalia inavyokadiriwa: tangu kesi ya Gourley ya 1956, kipato kilichopotea hukokotolewa baada ya kutoa kodi, na michango vilevile. Mtu akikubali hesabu iliyokwisha kukatwa, kisha mhasibu wake akate tena, amekatwa mara mbili. Kabla ya kugusa kalkuleta uliza: tarakimu hii ni ghafi au ni halisi?

Pili, aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya hatia ile akaja kuelewana na mwajiri wake wa zamani. Hayo ni malipo ya kukomesha ajira, hayamo kwenye mpango wowote wa fidia. £30,000 za mwanzo hazina kodi. Zinazozidi zina kodi ya mapato, na tangu Aprili 2020 zina mchango wa Daraja la 1A unaomwangukia mwajiri peke yake. Mshahara ambao mtu alikwisha ufanyia kazi hauna nafuu hiyo: una kodi na mchango kamili wa Daraja la 1, pande zote mbili. Kwa hiyo mkataba wa makubaliano utenganishe hizo fedha kwa mistari na kiasi. Ukiandikwa "£85,000 kwa madai yote", mwenye kugawa atakuwa mkaguzi wa kodi, na hatagawa kwa huruma.